Ukuta na Ukurasa: Maisha na Kazi za John Biggers

Utangulizi

Katika historia ya sanaa na fasihi za Wamarekani Weusi wa karne ya 20, jina la John Thomas Biggers hutajwa aghalabu na wahakiki wa uchoraji, na kwa nadra sana na wahakiki wa maandishi. Hali hii inaeleweka, kwani Biggers alichora kuta nyingi na kuandika vitabu vichache. Hata hivyo, mgawanyo huo wa kazi baina ya wahakiki umeificha sehemu muhimu ya mchango wake. Maandishi yake makuu ni matatu: tasnifu yake ya mwaka 1954, kitabu cha safari kilichochapishwa mwaka 1962, na historia ya idara yake iliyotolewa mwaka 1978 kwa ushirikiano na wenzake. Kila moja ya kazi hizi tatu inahusiana moja kwa moja na kuta alizozichora ama alizozisimamia.

Makala haya yanakusudia kuyafuata maisha ya Biggers kwa kuuzingatia uhusiano huo. Hoja kuu ni kwamba ukuta na ukurasa vilikuwa pande mbili za kazi moja ya usimulizi, na kwamba mhakiki anayeshika upande mmoja tu huukosa udhaifu wa msanii huyu sawa na anavyozikosa nguvu zake. Suala hili si la nadharia pekee. Baadhi ya kuta zinazohusika zimekwisha kubomolewa, nyingine zimepakwa rangi juu yake, na nyingine zimeharibiwa na maji. Kuamua ni kitu gani kinachohesabiwa kuwa maandishi ya Biggers ni kuamua pia ni kitu gani kilichopotea.

Malezi na Elimu

Biggers alizaliwa tarehe 13 Aprili 1924 katika mji wa Gastonia, jimbo la North Carolina, akiwa kitinda mimba katika familia ya watoto saba. Baba yake, Paul, alikuwa mtu wa kazi nyingi: mhubiri, mwalimu, mkulima na mshona viatu. Mama yake, Cora, alilea watoto na kufua nguo za watu. Nyumba yao ilijengwa na baba mwenyewe kwa muundo uliozoeleka miongoni mwa Weusi wa kusini mwa Marekani, yaani nyumba nyembamba yenye baraza mbele na vyumba vinavyofuatana kwa mstari mmoja kutoka mlango wa mbele hadi wa nyuma. Muundo huu hujulikana kwa jina la shotgun. Katika miaka ya 1970 mtafiti John Michael Vlach alionyesha kwamba asili yake inaweza kufuatiliwa kupitia Haiti hadi kwa Wayoruba wa Afrika Magharibi. Mtoto wa Gastonia hakuwa na habari na hayo. Hata hivyo, vitu vya nyumba kama hiyo, kama vile sufuria kubwa ya chuma, ubao wa kufulia, na mashuka ya viraka yaliyoshonwa na wanawake, ndivyo vilivyokuja kuwa msamiati wa michoro yake ya uzeeni.

Baba alifariki mwaka 1937. Mama akachukua kazi katika nyumba ya mayatima, naye John pamoja na kakaye Joe wakapelekwa Lincoln Academy, shule ya bweni iliyoanzishwa na wamisionari. Mkuu wa shule hiyo, Henry C. McDowell, alikuwa Mmarekani Mweusi aliyetumikia umisionari nchini Angola kwa miaka mingi. Umuhimu wa jambo hili hauna budi kusisitizwa. Katika enzi ambapo filamu na vitabu vya Marekani viliionyesha Afrika kuwa pori lisilo na historia, Biggers alilelewa na mwalimu ambaye kwake Afrika ilikuwa nchi ya watu anaowafahamu.

Mwaka 1941 Biggers alijiunga na Hampton Institute, chuo cha Weusi katika jimbo la Virginia, kwa nia ya kusomea ufundi wa bomba. Michoro aliyoipeleka pamoja na maombi yake ilikuwa ya mitambo ya kuchemshia maji. Hapo Hampton alihudhuria darasa la jioni la uchoraji lililofundishwa na Viktor Lowenfeld, Myahudi wa Austria aliyeikimbia nchi yake baada ya Wanazi kuitwaa mwaka 1938. Lowenfeld aliwataka wanafunzi wake wachore yale waliyoyaishi, hata kama yalikuwa machungu. Isitoshe, chuo kilikuwa na hazina ya vitu vya sanaa ya Wakuba wa Kongo, iliyokusanywa na William Sheppard, mwanafunzi wa zamani wa Hampton aliyekuwa mmisionari katika Kongo tangu mwaka 1890 na ambaye alishiriki kufichua ukatili wa utawala wa Mfalme Leopold. Kwa hiyo, picha ya kwanza ya Afrika iliyotengenezwa kwa mikono ya Waafrika wenyewe Biggers aliipata chuoni, miaka mingi kabla ya kuvuka bahari.

Mwaka 1943 wasanii wawili vijana, Charles White na Elizabeth Catlett, walifika Hampton. White alichora humo ukuta wake mashuhuri kuhusu mchango wa Weusi katika demokrasia ya Marekani. Biggers alimtazama akifanya kazi, na hata akawa mmoja wa watu waliochorwa kwa kukaa mbele yake. Kupitia kwa White, athari za wachoraji wa kuta wa Mexico zilimfikia: imani kwamba ukuta wa jengo la umma ni kitabu cha watu wasiokuwa na vitabu. Mwaka huo huo Lowenfeld aliandaa maonyesho ya kazi za wanafunzi wake katika Museum of Modern Art, New York, ambamo mchoro wa Biggers kuhusu askari anayekufa ulionyeshwa. Baadaye mwaka 1943 aliandikishwa katika jeshi la majini, akaruhusiwa kuondoka mwishoni mwa mwaka 1945. Alimfuata Lowenfeld hadi Pennsylvania State mwaka 1946, na kufikia mwaka 1948 alikuwa amepata shahada mbili, ya kwanza na ya uzamili. Mwaka huo alimwoa Hazel Hales, mwenzake wa Hampton.

Houston na Ukuta wa Wanawake

Mwaka 1949 Biggers alialikwa Houston, jimbo la Texas, kuanzisha idara ya sanaa katika chuo kilichoitwa wakati huo Texas State University for Negroes, na ambacho tangu 1951 kinaitwa Texas Southern University. Historia ya chuo hiki yenyewe ni ya kejeli. Kilianzishwa na serikali ya jimbo mwaka 1947, baada ya Heman Sweatt, Mmarekani Mweusi, kukataliwa katika shule ya sheria ya Chuo Kikuu cha Texas na kwenda mahakamani. Wakuu wa jimbo waliona afadhali kuwajengea Weusi chuo kingine kuliko kuwafungulia mlango wa kile kilichokuwako. Sweatt alishinda kesi katika Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1950. Chuo kilichojengwa ili kuulinda ubaguzi kilibaki, na mikononi mwa Biggers na mwenzake Carroll Simms, mchongaji na mfinyanzi aliyefika mwaka 1950, sehemu yake moja ikageuka kuwa makao ya sanaa ya Weusi.

Tukio la mwaka 1950 linadhihirisha mazingira hayo. Mchoro wa Biggers uitwao The Cradle, unaomwonyesha mama akiwakumbatia watoto wake, ulishinda tuzo katika maonyesho ya jumba la sanaa la Houston. Kwa kanuni za wakati huo, Weusi waliruhusiwa kuingia katika jumba hilo siku moja tu ya wiki, na tafrija ya washindi haikuwa siku hiyo. Mchoro uliingia, mchoraji hakuingia. Mhakiki hana haja ya kutafuta mfano mwingine wa pengo lililokuwako kati ya kazi ya sanaa na mtu aliyeifanya.

Ukuta mkubwa wa kwanza aliouchora Houston ulitokana na ombi la Mchungaji Fred T. Lee, aliyetaka mchoro wa kuwaenzi wanawake Weusi katika jengo la chama cha wanawake Wakristo lililoitwa Blue Triangle. Biggers aliukamilisha mwaka 1953. Humo anaonekana Harriet Tubman, aliyewatorosha watumwa kuelekea kaskazini, akiongoza umati wa watu. Yumo pia Sojourner Truth. Pamoja na hao mashuhuri wamo wanawake wasio na majina: wakulima, wafuaji, walimu na akina mama.

Jambo la kuvutia kwa mhakiki wa fasihi ni kwamba ukuta huu haukuishia ukutani. Biggers aliufanya kuwa kiini cha tasnifu iliyompatia shahada ya uzamifu Pennsylvania State mwaka 1954. Mpangilio huo unastahili kufikiriwa. Mtu aliyetaka kuthibitisha nafasi ya mwanamke Mweusi katika historia ya nchi yake hakuwa na maktaba iliyojaa vitabu vya kunukuu, maana vitabu hivyo vilikuwa havijaandikwa. Alichora kwanza, kisha akaandika kuueleza mchoro. Ukuta ulikuwa chanzo cha ushahidi, na ukurasa ukawa ufafanuzi. Tarehe nazo zina maana. Mchoro ulikamilika mwaka mmoja kabla ya hukumu ya 1954 iliyoharamisha ubaguzi katika shule za umma, na miaka miwili kabla Rosa Parks hajakataa kuondoka katika kiti chake mjini Montgomery. Hadithi ya mwanamke aongozaye umma ilikuwa imekwisha kusimuliwa katika mtaa wa Weusi wa Houston kabla magazeti hayajalazimika kuisimulia.

Safari ya 1957 na Kitabu cha Ananse

Mwaka 1957, kwa ufadhili wa UNESCO, Biggers na mkewe Hazel walisafiri Afrika Magharibi. Walikaa miezi sita, wakizuru Ghana, Togo, Dahomey ambayo leo ni Benin, na Nigeria. Ghana ilikuwa imepata uhuru tarehe 6 Machi mwaka huo. Matunda ya safari hiyo ni kitabu Ananse: The Web of Life in Africa, kilichochapishwa na University of Texas Press mwaka 1962, chenye masimulizi ya safari pamoja na michoro kadhaa wa kadhaa ya wavuvi, wachuuzi wa sokoni, mafundi, wazee na akina mama.

Ili kitabu hiki kieleweke, sharti kiwekwe katika mkondo wa maandishi ambamo Mmarekani Mweusi anakabiliana na Afrika. Katika The Big Sea, kilichotoka mwaka 1940, Langston Hughes alieleza jinsi Waafrika aliokutana nao mwaka 1923 walivyokataa kumtambua kuwa Mweusi mwenzao. Richard Wright alizuru Gold Coast mwaka 1953 na kuchapisha Black Power mwaka uliofuata. Wright anawatazama watu kwa jicho la mwanamapinduzi aliyelelewa mjini: anaunga mkono siasa za Nkrumah, lakini ibada, ngoma na mila zinamtatiza, na hadi mwisho anabaki mgeni. Maya Angelou, aliyeishi Ghana katika miaka ya mwanzo ya 1960, alieleza baadaye, katika kitabu cha mwaka 1986, furaha na maumivu ya kutaka kupokelewa nyumbani mahali ambapo hakuzaliwa.

Biggers anatofautiana na Wright kwa namna inayotokana na ufundi wake. Mwandishi akifika sokoni huuliza maswali, na majibu yasiyoeleweka humwongezea ugeni. Mchoraji akifika sokoni hukaa na kutazama. Kazi ya mikono, namna ya kubeba mzigo kichwani, namna ya kumfunga mtoto mgongoni, vyote hivyo humsemesha bila mkalimani. Yale yaliyomtenga Wright yalimvutia Biggers, kwa sababu yalifanana na aliyoyaona utotoni Gastonia. Hivyo, sauti ya kitabu chake ni ya mtu anayetambua kuliko ya mtu anayegundua.

Jina la kitabu nalo linadai uchambuzi. Ananse ni buibui wa hadithi za Waakan, ayari mdogo wa mwili na mkubwa wa hila, ambaye inasimuliwa kwamba alizipata hadithi zote za ulimwengu kutoka kwa Nyame, mungu wa mbinguni. Kwa Waakan, hadithi zenyewe huitwa kwa jina lake. Watumwa walimvusha bahari hadi Jamaika, na katika pwani ya South Carolina jina lake likageuzwa kuwa Aunt Nancy. Hata hivyo, katika sehemu nyingi za kusini mwa Marekani nafasi ya ayari ilichukuliwa na sungura, ambaye wasomaji wa Afrika Mashariki hawahitaji kujulishwa habari zake. Kwa kumchagua buibui badala ya sungura, Biggers alichagua sifa moja ambayo sungura hana: buibui hufuma. Katika hadithi, hila ndiyo inayotangulizwa. Katika kitabu hiki, utando ndio unaotangulizwa. Ayari amegeuzwa kuwa mfumaji, na kufuma kumekuwa sitiari ya jamii ambayo kila uzi wake umeshikana na mwingine. Huu ni ubunifu halali wa msanii, lakini ni lazima ionekane kwamba kuna kilichoachwa. Ananse wa wasimulizi wa Kiakan ni mlafi, mwongo na mchekeshaji, na kwa njia hiyo anaikosoa jamii kutoka ndani. Ananse wa Biggers hana mzaha.

Hapa ndipo penye udhaifu mkubwa wa kazi hii. Michoro ya Ananse imejaa heshima, na heshima hiyo ilihitajika mno katika nchi ambayo watoto wake walijifunza Afrika kutoka kwa Tarzan. Pamoja na hayo, anayeitazama michoro peke yake anaweza kufikiri kwamba Ghana ya mwaka 1957 ilikuwa nchi ya wavuvi, wachuuzi na akina mama pekee. Siasa za uhuru, vyama vya wafanyakazi na mabishano ya magazeti vimo kwa uchache, ama havimo. Picha moja isiyokuwa na wakati imeondolewa, na nyingine yenye kupendeza zaidi, lakini isiyokuwa na wakati vilevile, imewekwa mahali pake. Wahakiki wa Kiafrika waliolilaumu kundi la Negritude kwa kuipamba Afrika ya kale wangeweza kutoa lawama hiyo hiyo hapa.

Lawama hiyo ina ukweli, ila inapungua nguvu pindi maandishi yanaposomwa pamoja na michoro. Masimulizi ya safari yana barabara, wenyeji waliowapokea wageni, na siku zinazofuatana. Msimulizi ni Mmarekani aliyetoka Texas katika mwaka maalumu, na ugeni wake hauwezi kufichika katika sentensi kama unavyofichika katika mstari wa penseli. Kwa maneno mengine, ukurasa unaurudishia mchoro ule wakati ambao mchoro umeuondoa. Wale wanaozitoa picha katika kitabu na kuzitundika peke yake wanaunda Biggers aliye laini kuliko yule aliyekichapisha.

Safari hiyo ilizibadilisha kuta pia. Katika jengo la sayansi la Texas Southern University, Biggers alichora ukuta aliouita Web of Life, ambamo mzunguko wa uzazi, mavuno na kifo umefumwa kuwa kitu kimoja. Mwaka 1966 alichora Birth from the Sea katika maktaba ya W. L. D. Johnson mjini Houston, mchoro unaomweka mwanamke wa Kiafrika akitokea baharini katikati ya kuzaliwa kwa uhai. Ikilinganishwa na ukuta wa Blue Triangle, tofauti ni bayana. Mwaka 1953 mwanamke alikuwa na jina na tarehe. Mwaka 1966 amekuwa ishara. Hatua hiyo kutoka historia kuelekea visasili ndiyo iliyozaa kazi zake za ustadi mkubwa, na ndiyo pia iliyozidisha hatari iliyokwisha kutajwa.

Idara Iliyoandikwa Kutani

Kwa zaidi ya miaka 30 Biggers alikuwa, kwanza kabisa, mwalimu. Katika idara yake ulikuwako utaratibu wa wanafunzi kuchora ukuta katika majengo ya chuo, hususan Hannah Hall, kama sehemu ya mafunzo yao. Kizazi baada ya kizazi, kuta za jengo hilo zilijaa hadithi za familia, mitaa, makanisa na mapambano ya Weusi wa Texas. Mwanafunzi alitakiwa kuanza na kile anachokijua nyumbani kwao, kama Lowenfeld alivyokuwa akidai Hampton. Kwa njia hiyo fundisho la mkimbizi wa Austria likawa mila ya chuo cha Weusi kusini mwa Marekani.

Mwaka 1978 Biggers na Simms, wakishirikiana na mwandishi John Edward Weems, walitoa Black Art in Houston kupitia Texas A&M University Press. Kitabu hiki kina nafasi ya pekee katika maandishi ya Biggers. Ananse ni sauti ya msafiri mmoja; hiki ni kumbukumbu ya kundi, ambamo walimu wawili wanaeleza maisha yao na kuonyesha kazi za wanafunzi. Kwa vigezo vya fani kinaweza kuonekana kuwa kimechanganyika: nusu tawasifu, nusu historia ya idara, nusu orodha ya maonyesho. Lakini mchanganyiko huo ndio thamani yake. Kiliandikwa na watu waliojua kwamba historia ya chuo chao isingeandikwa na mtu mwingine, na kwamba kuta zilizowazunguka hazikuwa na mlinzi.

Miaka ya Mwisho

Biggers alistaafu mwaka 1983, na kustaafu kwake kukaanzisha kipindi chenye rutuba. Vile vitu vya Gastonia vilirejea, safari hii vikiwa vimepangwa kwa hesabu za kijiometri. Katika mchoro Shotguns wa mwaka 1987, mapaa ya nyumba nyembamba yanajirudia hadi kuwa kama shuka ya viraka, na wanawake wanasimama barazani kila mmoja akiwa ameshika nyumba ndogo. Sufuria ya kufulia, fuawe ya mhunzi, chanuo na kobe vinaonekana tena na tena katika michoro ya miaka hii. Msomaji wa ushairi atakitambua kile kinachofanyika: msanii ameunda msamiati mfupi wa ishara, na anaurudia kwa mizani hadi kila ishara inabeba maana za mahali pote ilipowahi kutokea.

Kati ya mwaka 1990 na 1992 alichora kuta mbili katika maktaba ya Hampton, House of the Turtle na Tree House. Katika kipindi hicho hicho, akisaidiwa na mpwa wake James, alichora Origins na Ascension katika maktaba ya Winston-Salem State University, katika jimbo alikozaliwa. Mwaka 1995 maonyesho makubwa ya kazi za maisha yake yaliandaliwa na Hampton pamoja na jumba lile lile la sanaa la Houston ambalo mwaka 1950 halikumruhusu kuhudhuria tafrija ya ushindi wake. Msimamizi wake alikuwa Alvia Wardlaw. Biggers alifariki Houston tarehe 25 Januari 2001.

Hatima ya Kuta

Mwaka 1996 Biggers, pamoja na wasanii wa mji wa Minneapolis, alikuwa amekamilisha ukuta ulioitwa Celebration of Life kando ya barabara kuu, katika mtaa wa wakazi wengi Weusi. Mwaka 2001, mwaka ule ule wa kufariki kwake, ukuta huo ulibomolewa ili kupisha ujenzi mpya wa mtaa. Haukudumu hata miaka sita. Mwaka 2008, katika Hannah Hall, michoro miwili ya miaka ya 1970 iliyochorwa na Harvey Johnson, mwanafunzi wa Biggers aliyekuja kuwa mwalimu katika idara hiyo hiyo, ilipakwa rangi juu yake kwa uamuzi wa uongozi wa chuo. Mwaka 2017 kimbunga Harvey kiliharibu paa la Blue Triangle, na unyevu ukaushambulia ukuta wa wanawake, ule uliokuwa kiini cha tasnifu ya 1954.

Visa hivi vitatu vina sababu tatu tofauti: mipango ya mji, uamuzi wa wakuu, na mvua. Mwisho wao unafanana. Ukuta hauna nakala. Kitabu kikichomwa katika maktaba moja, kingine kipo katika maktaba nyingine. Ukuta ukibomolewa, kinachobaki ni picha zake na maneno yaliyoandikwa juu yake. Ndiyo maana kazi za watafiti kama Olive Jensen Theisen, aliyeandika kwa kirefu kuhusu kuta za Biggers, na ya Biggers mwenyewe pamoja na Simms, haziwezi kuhesabiwa kuwa vijalizo vya sanaa. Pale ukuta ulipoanguka, maandishi hayo yamekuwa ndiyo sanaa yenyewe kwa kadiri inavyoweza kufikiwa.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kazi ya Biggers haigawanyiki kwa urahisi baina ya idara za sanaa na idara za fasihi. Tasnifu ya 1954 iliandikwa ili kuufafanua ukuta. Ananse kiliandikwa sambamba na kuta zilizotokana na safari ile ile. Black Art in Houston kiliandikwa ili kuzihifadhi kuta za wengine. Katika kila hali ukurasa ulifanya jambo ambalo ukuta haukuweza kulifanya, nao ukuta ulizungumza na watu ambao ukurasa haukuwafikia. Imeonyeshwa pia kwamba pale Biggers alipouacha mchoro usimame peke yake, hususan katika taswira zake za Afrika, alielekea kuufuta wakati, na kwamba dawa ya kasoro hiyo imo katika maandishi yake mwenyewe.

Kuna jambo moja la mwisho la kuzingatiwa. Birth from the Sea, kuta mbili za Hampton na kuta mbili za Winston-Salem ziko zote katika maktaba. Mtu aliyekwenda Hampton mwaka 1941 kujifunza kutengeneza mabomba alirudi baada ya miaka 50 kuchora katika nyumba ya vitabu, mahali ambapo msomaji akiinua macho kutoka ukurasani hana budi kuuona ukuta. Mhakiki wa fasihi anayetaka kumsoma Biggers anaweza kuanzia hapo, kitabu kikiwa kimefunguliwa mbele yake.